Kuunganisha Simu Isiyo na Google na Gari: Mwongozo wa Kulinda Faragha Hatua kwa Hatua

Mtu aliyeamua kutumia simu isiyo na huduma za Google huwa ameshafanya kazi kubwa. Amenunua simu ya Pixel, ameifuta na kuiwekea GrapheneOS, yaani mfumo wa Android usiokuja na huduma za Google, amezoea kupakua programu kutoka F-Droid, duka la programu huria, na amekubali kuachana na mambo kadhaa ambayo wenzake huyaona ya lazima. Uamuzi huo hupata mtihani mpya siku anapoingia kwenye gari lenye skrini ya dashibodi, kwa sababu njia ya kawaida ya kuleta ramani, muziki na simu kwenye skrini hiyo ni Android Auto. Hiyo ni programu ya Google, hutegemea Google Play, na huomba maikrofoni, mahali ulipo, arifa na orodha ya majina kabla haijaonyesha hata barabara moja.

Mwongozo huu unafuata ngazi: unaanza na muunganisho unaotoa taarifa chache kabisa na kupanda hadi unaotoa nyingi, ili msomaji asimame pale anapoona mahitaji yake yametimia. Mfano ninaoutumia ni GrapheneOS kwenye Pixel, kwa kuwa ndio mfumo unaoruhusu Android Auto ifanye kazi bila kuipa Google mamlaka ya mfumo mzima. Mifumo mingine nimeigusa baadaye, nayo inahitaji tahadhari zaidi.

Nani hasa anapokea taarifa zako

Kuna pande mbili zinazopokea taarifa, na watu wengi hulinda upande mmoja huku wa pili ukibaki wazi kabisa.

Upande wa kwanza ni Google, kupitia simu. Unapotumia Android Auto, picha unayoiona kwenye dashibodi hutengenezwa ndani ya simu. Gari hupokea video na sauti, kisha hurudishia simu miguso ya vidole vyako, sauti iliyonaswa na maikrofoni ya gari, na vipimo vya gari lenyewe kama mwendo, mahali GPS yake inapoonyesha, na kama ni usiku au mchana. Hapa taarifa za gari ndizo zinazoingia kwenye simu, mahali ambapo programu ya Google inazisubiri. Jambo hili lilizua mjadala mapema: mwaka 2015 jarida la Marekani la Motor Trend liliandika kwamba Porsche iliikataa Android Auto kwa sababu Google ilitaka kupokea vipimo kama mwendo, joto la mafuta ya injini na mizunguko ya injini. Google ilikanusha kwamba ilikuwa ikichukua kiasi hicho.

Upande wa pili ni gari lenyewe na kampuni iliyolitengeneza. Redio ya gari inaweza kunakili orodha yako ya majina, kumbukumbu za simu ulizopiga na hata ujumbe mfupi kupitia Bluetooth, kisha kuvihifadhi. Gari jipya pia mara nyingi lina laini yake ya simu iliyofungwa kiwandani, na hiyo hutuma taarifa kwa mtengenezaji hata kama umeiacha simu yako nyumbani. Septemba 2023 Mozilla Foundation ilichunguza sera za faragha za chapa 25 za magari na hakuna hata moja iliyofaulu. Asilimia 84 zilijipa haki ya kugawa au kuuza taarifa za wateja. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza hatua dhidi ya General Motors kwa kukusanya mahali magari yalipo, wakati mwingine kila baada ya sekunde tatu, na kuziuza taarifa hizo bila ridhaa iliyo wazi. Mwezi mmoja kabla ya hapo ilikuwa imebainika kwamba taarifa za magari ya umeme yapatayo 800,000 ya kundi la Volkswagen, yakiwemo mahali yalipoegeshwa, zilikuwa zimeachwa wazi kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Kuondoa Google kwenye simu hakugusi lolote katika hayo ya upande wa pili. Kwa hiyo kila hatua hapa chini iulizwe maswali mawili: Google inapata nini, na gari linapata nini?

Hatua ya kwanza: lichunguze gari kabla ya kugusa simu

Magari mengi yanayoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa ni yaliyokwisha kutumika, na mengi hutoka Japani. Redio zake za kiwandani mara nyingi zina Bluetooth lakini hazina Android Auto, na menyu zake ni za Kijapani. Fungua sehemu ya Bluetooth uone orodha ya simu zilizowahi kuoanishwa. Si ajabu kukuta humo jina la mtu wa Japani, na chini yake orodha ya namba zake na anwani ya nyumbani iliyohifadhiwa kwenye ramani. Yafute yote. Anayetaka kujua redio itafanya nini na majina yake mwenyewe siku atakapoliuza gari hilo ameshapata jibu.

Ikiwa gari limefungwa redio ya Android, zile skrini kubwa zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya magari, tambua kwamba hiyo ni tableti kamili yenye mfumo wake, programu zake na, mara nyingi, toleo la Android ambalo halipati tena marekebisho ya usalama. Mafundi wengi, kwa nia njema kabisa, humwambia mteja aingize akaunti yake ya Google ili Play Store na YouTube zifanye kazi. Usiingize. Usiipe pia intaneti kutoka kwenye simu yako isipokuwa una sababu ya lazima, kwa sababu redio isiyo na intaneti haina pa kupeleka ilichokusanya. Akaunti ya Google kwenye redio hiyo, pamoja na GPS yake, huweza kuirudishia Google safari zako hata kama simu yako ni safi.

Kwa gari jipya lenye laini yake ya simu, tafuta kwenye menyu sehemu ya huduma za mtandao au ya ushirikishaji wa taarifa, uzime kinachozimika. Kampuni nyingine hukubali kuizima huduma hiyo kwa maombi ya mwenye gari. Kuwa makini tu kwamba kuizima kabisa kunaweza kuondoa huduma ya dharura inayopiga simu yenyewe gari linapogongana. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, aina mpya za magari zimetakiwa kuwa na huduma hiyo tangu Machi 2018. Mimi nisingeitoa huduma ya uokoaji ili kupata faragha, lakini ningezima kila kitu kingine.

Hatua ya pili: jiulize kama unaihitaji Android Auto

Wengi wanachohitaji garini ni mambo matatu: sauti ya muziki au ya maelekezo ya njia, ramani inayoonekana bila kuinama, na uwezo wa kupokea simu bila kuishika. Yote matatu yanapatikana kwa kishikio cha simu kilichofungwa kwenye dashibodi na Bluetooth ya kawaida. Ramani inabaki kwenye skrini ya simu, sauti inatoka kwenye spika za gari, na Google haipokei kitu. Gharama yake ni skrini ndogo zaidi na miguso ambayo haikuandaliwa kwa ajili ya dereva, hivyo njia lazima ipangwe kabla ya kuondoka.

Kwa gari lisilo na Bluetooth, tumia tundu la AUX kama lipo, au kifaa cha FM kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti. Waya wa AUX hubeba sauti peke yake. Hakuna muunganisho ulio salama zaidi ya huo. Kifaa cha FM hurusha sauti hewani kwa umbali mfupi, kwa hiyo kisitumike kusikilizia mazungumzo ya siri.

Kama hatua hii inakutosha, fanya hatua ya tatu kisha uruke hadi ile ya mwisho.

Hatua ya tatu: oanisha Bluetooth bila kutoa majina

Hii ndiyo hatua ambayo watu huikosea zaidi, na hutokea ndani ya sekunde mbili. Unapooanisha simu na gari, Android hufungua kidirisha chenye namba ya uthibitisho, na chini yake kuna kisanduku kidogo kinachouliza kama unaruhusu kifaa hicho kifikie anwani zako, yaani orodha ya majina na namba, na rekodi za simu. Dereva aliye na haraka hugusa kitufe cha kuoanisha pamoja na kisanduku hicho. Papo hapo gari huanza kunakili: majina, namba, picha kama zipo, na simu zilizopigwa, zilizopokelewa na ambazo hazikujibiwa.

Acha kisanduku hicho bila alama. Kisha ingia kwenye Mipangilio, Vifaa vilivyounganishwa, na uguse alama ya gia iliyo kando ya jina la gari. Utaona swichi za kila aina ya matumizi: simu, sauti ya muziki, anwani na rekodi za simu, na ujumbe wa maandishi. Washa sauti ya muziki. Washa simu ikiwa unataka kupokea simu kupitia gari. Zima mbili zilizobaki.

Swichi ya ujumbe inastahili kusisitizwa kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Hapa ujumbe mfupi ndio risiti yetu ya benki. Ujumbe wa M-Pesa hubeba jina la uliyemtumia, kiasi, na salio lililobaki, na ujumbe wa benki hubeba namba za siri za kuthibitisha malipo. Gari lililoruhusiwa kusoma ujumbe huweza kuvihifadhi vyote hivyo, na abiria wa kiti cha mbele huviona vikitokea kwenye skrini. Nchini Marekani madereva walizishtaki kampuni kadhaa za magari kwa kudai kwamba redio zao zilinakili ujumbe na rekodi za simu mahali ambapo mwenye gari hawezi kuzifikia. Novemba 2023 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikataa kuzifufua kesi hizo kwa sababu walalamikaji hawakuonyesha madhara ya kiwango kinachotakiwa na sheria ya faragha ya jimbo la Washington. Wakati huohuo kampuni ya Marekani iitwayo Berla hutengeneza vifaa vya kutolea taarifa kutoka kwenye redio za magari kwa ajili ya wachunguzi. Kilichonakiliwa, basi, kinaweza kusomwa na mtu mwingine.

Jambo moja dogo: badilisha jina la Bluetooth la simu yako lisiwe jina lako. Simu inapoonekana kwenye gari la kukodi kwa jina la ukoo wako, jina hilo litabaki hapo. Anwani ya kudumu ya Bluetooth haibadilishwi na GrapheneOS jinsi inavyobadilisha ile ya Wi-Fi, kwa hiyo gari litaendelea kuitambua simu hiyo.

Hatua ya nne: kama ni lazima, weka Google Play ndani ya uzio

Aliyefika hapa ameamua kwamba skrini kubwa ina thamani kwake, na si uamuzi wa aibu. Dereva wa teksi anayetumia ramani kutwa nzima ana hoja nzito ya usalama: jicho linalohama kidogo barabarani huokoa maisha. Kinachobaki ni kulipa bei ndogo iwezekanavyo.

Kwenye simu ya kawaida Google Play ni sehemu ya mfumo, yenye mamlaka ambayo programu nyingine hazina. Kwenye GrapheneOS husakinishwa kama programu ya kawaida, iliyofungiwa katika uzio uleule unaozifungia programu nyingine, na inalazimika kuomba ruhusa kama zote. Fungua duka la programu linalokuja na GrapheneOS na usakinishe kwanza huduma za Google Play, kisha Android Auto kutoka dukani humohumo. Usiipakue Android Auto kwenye tovuti za faili za APK, yaani faili za kusakinishia programu. Duka hilo ndilo linalokupa faili sahihi na masasisho yake.

Usiingie kwenye akaunti ya Google kabla hujaona kama kuna kitu kinachokukwamisha. Bila akaunti, taarifa zinazoifikia Google hazifungwi moja kwa moja na jina lako, barua pepe yako na historia yako ya miaka yote, ingawa bado zinaonyesha anwani ya intaneti unayotumia na tabia ya kifaa. Ikibidi kuwa na akaunti kwa ajili ya kununua programu, fungua mpya isiyotumika kwa jambo jingine lolote.

Hatua ya tano: swichi nne za Android Auto

Android Auto haiwezi kufanya kazi kama programu ya kawaida tupu, kwa kuwa inahitaji kuzungumza na USB, Bluetooth na sauti kwa undani ambao programu nyingine haziruhusiwi. Badala ya kuipa mamlaka yote kwa mkupuo, GrapheneOS imeyagawa katika makundi, na yote huanza yakiwa yamezimwa. Utayakuta kwenye Mipangilio, Programu, kisha sehemu iitwayo Sandboxed Google Play, na humo Android Auto.

Kundi la kwanza ni la muunganisho wa waya, la pili ni la muunganisho usio na waya, la tatu ni la kuelekeza sauti kwenye gari, na la nne ni la simu. Washa la waya peke yake, ujaribu gari. Kama muziki na maelekezo ya njia havisikiki, ongeza lile la sauti. Kundi la simu liongezwe ikiwa tu unataka kupiga na kupokea simu kutoka kwenye skrini ya gari. Wengi watagundua kwamba Bluetooth ya hatua ya tatu inatosha kwa kazi hiyo.

Muunganisho usio na waya ndio unaodai mengi. Simu huonana na gari kwanza kwa Bluetooth, kisha hujiunga na Wi-Fi ya gari ili kupitisha video, na kwa hiyo Android Auto lazima iruhusiwe kushughulikia Bluetooth na Wi-Fi kwa kiwango ambacho waya hauhitaji. Pia huanza yenyewe kila unapokaribia gari ukiwa na simu mfukoni. Waya una usumbufu wa kuchomeka na kuchomoa, lakini huo usumbufu ndio ridhaa yako: siku usiyochomeka, hakuna kilichounganishwa. Kwa maoni yangu hakuna urahisi katika muunganisho usio na waya unaostahili ruhusa hizo, isipokuwa gari halina njia ya waya kabisa.

Hatua ya sita: ruhusa moja baada ya nyingine

Chomeka simu ikiwa imefunguliwa, gari likiwa limesimama. Android Auto itaanza kuomba. Ni bora kujua kila ombi lina maana gani kabla ya kulijibu.

Arifa ndizo nyeti kuliko zote, na ndizo zinazokubaliwa bila kufikiri. Programu iliyoruhusiwa kusoma arifa huona maandishi ya kila arifa ya simu nzima: WhatsApp, Signal, benki, daktari. Hata programu inayosimba mazungumzo yake ili wengine wasiyasome huyatoa wazi kwenye arifa ili wewe uyasome, na msomaji mwingine wa arifa huyasoma hapohapo. Ukitaka gari likusomee ujumbe kwa sauti, hii ndiyo bei yake. Nyima. Kama lazima uruhusu, ingia kwanza kwenye mipangilio ya Signal na programu nyingine nyeti uzielekeze zisionyeshe maudhui wala jina kwenye arifa.

Anwani zina ufumbuzi mzuri. GrapheneOS ina kipengele kinachoiambia programu kwamba imepewa ruhusa ya kuona majina, huku orodha inayoiona ikiwa tupu au ina yale tu uliyoyachagua. Fungua ukurasa wa ruhusa za Android Auto, ingia kwenye anwani, na uwashe kipengele hicho. Ukipenda, ongeza namba ya nyumbani na ya ofisini. Programu inayogoma bila ruhusa hiyo itaridhika, na majina mengine yote yatabaki kwako. Fanya vivyo hivyo kwa huduma za Google Play zenyewe, maana kuifungia Android Auto na kuiachia Play ni kufunga mlango na kuacha dirisha.

Maikrofoni inahitajika kwa amri za sauti. Amri za sauti kwenye Android Auto hupitia msaidizi wa Google, hivyo kinachosemwa huweza kwenda kwenye kompyuta zake. Ukiacha amri za sauti, inyime maikrofoni. Kwa anayezihitaji, ruhusu wakati programu inatumika tu, na uondoe ruhusa hiyo ukifika.

Mahali ulipo hutakiwa na programu ya ramani zaidi kuliko na Android Auto yenyewe. Ipe ramani uliyoichagua mahali halisi, na uinyime Android Auto hadi utakapoona kitu kimeshindikana. GrapheneOS kwa kawaida huyaelekeza maombi ya mahali yanayopitia Google Play kwenye mfumo wa simu wenyewe, kwa hiyo programu nyingine hazihitaji Google ili kujua uko wapi. Usiubadilishe mpangilio huo.

Mtandao ni ruhusa ambayo GrapheneOS hukuwezesha kuizima kwa programu yoyote. Unaweza kuinyima Android Auto mtandao, na ni jaribio la maana, lakini usilipe uzito lisilokuwa nao. Programu zilizo kwenye wasifu mmoja wa mtumiaji ndani ya simu huweza kuwasiliana zikikubaliana, na Android Auto na huduma za Google Play ni za mwenye mali mmoja. Kama Play ina mtandao, taarifa ina njia. Ukuta wa kweli ni kutokutoa taarifa yenyewe, ndiyo maana nimezikalia ruhusa zilizotangulia kwa muda mrefu.

Android Auto, hata kwa waya, mara nyingi huoanisha Bluetooth yenyewe kwa ajili ya simu. Baada ya safari ya kwanza rudi kwenye hatua ya tatu uangalie swichi za gari hilo upya, kwa kuwa huenda majina yameanza kunakiliwa kwa njia ambayo hukuitarajia.

Hatua ya saba: ramani isiyoripoti safari

Hakuna maana ya kupunguza ruhusa zote hizo kisha kufungua Google Maps na kuandika unakokwenda. Programu ya Organic Maps hutumia ramani huria za OpenStreetMap zilizopakuliwa mapema, hutafuta na kupanga njia ndani ya simu bila intaneti, na inaonekana kwenye Android Auto. Pakua nchi au mkoa ukiwa nyumbani kwenye Wi-Fi. Upungufu wake ni wa kweli: haina taarifa za foleni za papo hapo, na anwani za mitaa katika miji yetu mara nyingi hazijakamilika, hivyo utatafuta kwa jina la soko, kituo cha mafuta au shule, au uweke alama mwenyewe kwenye ramani. Kwa muziki na vipindi, VLC na AntennaPod zote zinafanya kazi kwenye skrini ya gari.

Programu isiyotoka Play Store huenda isionekane kwenye gari hata kama imesakinishwa. Ingia kwenye mipangilio ya Android Auto, gusa sehemu ya toleo mara nyingi mfululizo hadi menyu ya wasanidi ifunguke, kisha uruhusu vyanzo visivyojulikana. Mpangilio huo hauziruhusu programu mpya kusakinishwa. Unaziruhusu tu zilizopo zionekane garini.

Hatua ya nane: tundu la USB

GrapheneOS huzuia miunganisho mipya ya USB ya taarifa wakati simu imefungwa. Tundu huchaji tu. Ndiyo sababu Android Auto haianzi ukichomeka simu iliyofungwa, na wengi hudhani kebo ni mbovu. Ifungue kwanza, kisha chomeka. Usiulegeze mpangilio huo kwa ajili ya gari, kwa kuwa ndio unaoikinga simu inapokuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Kwenye gari ambalo si lako, chaji kwa adapta ya tundu la kiberiti badala ya tundu la USB la redio, au tumia kebo isiyo na nyaya za taarifa.

Kuhusu mifumo mingine

LineageOS hukubali Google ikiwa tu vifurushi vyake vitawekwa kabla ya simu kuwashwa kwa mara ya kwanza, na vinapowekwa hivyo huwa sehemu ya mfumo wenye mamlaka kamili. Android Auto itafanya kazi vizuri hapo, lakini simu imesharudi kuwa simu ya Google yenye sura nyingine. /e/OS na mifumo mingine inayotumia microG, ambayo ni mbadala wa huduma za Google uliotengenezwa upya kwa msimbo huria, haina ugawaji wa mamlaka nilioueleza katika hatua ya tano. Mwenye simu ya aina hizo namshauri abaki kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya mwisho: unapoachana na gari

Gari la kukodi lishughulikiwe siku unapolirudisha, ukiwa bado umeketi ndani yake na injini ikiwa inawaka. FTC iliwaonya wateja wa magari ya kukodi kuhusu jambo hili tangu mwaka 2016. Fungua orodha ya Bluetooth kwenye redio na ufute simu yako. Fungua sehemu ya Android Auto na ufute tena, kwa kuwa orodha hizo mara nyingi ni mbili tofauti. Futa historia ya ramani ya gari kama uliitumia. Kisha kwenye simu, sahau kifaa hicho katika Bluetooth na uliondoe gari kwenye orodha ya magari ya Android Auto.

Gari unaloliuza linahitaji zaidi: irudishe redio nzima kwenye hali ya kiwandani, na kama lina programu ya mtengenezaji kwenye simu yako, liondoe gari kwenye akaunti kabla ya kukabidhi ufunguo, maana akaunti isiyoondolewa humwezesha muuzaji kuona gari la mnunuzi lilipo. Mnunuzi naye aombe aonyeshwe kwamba jambo hilo limefanyika, kisha arudie kuiweka redio kwenye hali ya kiwandani kwa mkono wake mwenyewe.